Mashujaa wale wale, mikono mipya: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote Tanga mjini, na zote zinazunguka jambo moja: kundi la mashujaa wa katuni likishapewa mwandishi na mchoraji wapya, msomaji afanye nini, na hao waliopewa wafanye nini. Tumezifupisha, lakini maswali ni yenu.

Shikamooni wahariri. Nilikuwa nasoma X-Men, ile katuni ya mashujaa ya kampuni ya Marvel ya Marekani, kwa kuazima simu ya binamu yangu. Hadithi za kisiwa cha Krakoa zilipoisha akaniambia wamebadilishwa wote, wanaoandika na wanaochora. Sasa nianzie wapi? Na nilizosoma zimekwenda bure? (Kijana, Makorora)

Marahaba. Hazijaenda bure, ila huzihitaji ili uelewe vilivyofuata. Kipindi cha Krakoa kilifunguliwa na mwandishi Jonathan Hickman mwaka 2019, kikafungwa Juni 2024. Baada ya hapo mhariri Tom Brevoort akapokea mlolongo mzima wa vitabu vya X-Men, na mashujaa wakagawanywa kwenye vitabu vitatu vikuu.

Cha kwanza ni X-Men, kilichoanza upya Julai 2024, mwandishi Jed MacKay, mchoraji Ryan Stegman. Humo Cyclops amehamia Alaska na watu kama Beast, Magneto, Magik na Juggernaut, wakikaa kwenye kiwanda kilichokuwa cha kutengeneza maroboti ya kuwawinda wao wenyewe. Cha pili, Uncanny X-Men, kilifuata Agosti, cha Gail Simone na David Marquez. Hiki kinawafuata Rogue, Gambit, Wolverine, Nightcrawler na Jubilee huko Louisiana. Cha tatu, Exceptional X-Men, kilikuja Septemba, cha Eve L. Ewing na Carmen Carnero: Kitty Pryde yuko Chicago, amechoka na vita, anajikuta ana vijana watatu wa kufundisha.

Sisi tungekuanzishia hicho cha tatu, hata kama mashabiki wa Wolverine watatununia. Wale vijana watatu ni wageni kabisa, hawakuwahi kutokea popote kabla ya hapo, kwa hiyo wanauliza yale yale ambayo wewe ungeuliza. Soma matoleo matano au sita ya kitabu kimoja mfululizo, ndipo urukie kingine. Stori moja kwa kawaida inachukua idadi hiyo. Ukijaribu kufuata vyote vitatu kwa tarehe za kutoka, utachanganya nani yuko Alaska na nani yuko Chicago.

Kwa upande wa simu, Marvel Unlimited, programu ya kampuni hiyo ya kusomea katuni, huweka toleo takriban miezi mitatu baada ya kuuzwa dukani. Pakua matoleo unapopata waifai, usome baadaye bila bando.

Nauza vitabu vya mitumba Barabara ya 12, Ngamiani. Kwenye mzigo mmoja nimekuta X-Men namba 1 tatu, na kila moja ina picha na watu tofauti. Nimeuziwa feki? (Muuza vitabu)

Hujauziwa feki, bwana. Kitabu chenye jina hilo kimeanza na namba 1 mwaka 1963, 1991, 2010, 2013, 2019, 2021 na 2024. Usihangaike na jalada. Fungua ndani, tafuta maandishi madogo yaliyobanana chini ya ukurasa wa kwanza au nyuma ya jalada, utaona mwezi na mwaka wa kuchapwa.

Sababu ya kurudi namba 1 ni ya kibiashara. Maduka ya katuni ya Marekani huagiza mapema, na kwa kawaida kisichouzwa hakirudishwi, hasara ni ya mwenye duka. Kwa hiyo anaagiza kwa hofu. Namba 1 yenye mwandishi na mchoraji wapya inampa ujasiri wa kuagiza nyingi, namba 2 inashuka, na baada ya miaka michache mzunguko unaanza tena.

Ukikuta ya mwaka 1991, iliyochorwa na Jim Lee, usitegemee kujengea nyumba. Maduka yaliagiza nakala zaidi ya milioni 8, zenye majalada matano tofauti, na watu wengi walizifungia kabatini wakidhani zitapanda bei. Iuze kwa bei ya kitabu kizuri tu. Chris Claremont, aliyekuwa ameliandika kundi hilo tangu 1975, aliondoka baada ya toleo la tatu la kitabu hicho hicho, na mwaka uliofuata Jim Lee naye akaondoka kwenda kuanzisha kampuni ya katuni ya Image na wenzake. Namba 1 kubwa haikuwahakikishia hata mwaka mmoja pamoja.

Tuko watatu, Ngamiani. Kaka aliyekuwa anaandika na kuchora katuni yetu ya mashujaa saba amehamia Dodoma kikazi, ametuambia "endeleeni". Yametoka matoleo manne, tunauza shuleni na stendi. Tumepanga kuanza kwa kumuua mmoja ili watu washtuke. Tunakosea? (Vijana watatu)

Mnakosea mahali pawili, na kifo ni cha pili.

La kwanza ni hilo neno "endeleeni". Leo kaka anawapenda. Kesho kitabu kikianza kuuzika, au mtu akitaka kumchapa mmoja wa mashujaa kwenye fulana, mtaulizana nani alisema nini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ni ya aliyebuni, akiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au asiisajili. Andikeni ukurasa mmoja: majina ya mashujaa saba, kwamba mnaruhusiwa kuwaendeleza, na kwa muda gani, wahusika mtakaowabuni ninyi ni wa nani, mauzo yanagawanywaje, akitaka kurudi inakuwaje, na jina lake litakaa wapi kwenye jalada. Tarehe, sahihi, shahidi, kila mmoja na nakala yake. Papo hapo mwombeni kurasa za asili za matoleo yote manne, au zilizoskaniwa vizuri, pamoja na chochote alichokuwa ameandika kuhusu mwisho wa stori.

Kisha nunueni kaunta buku. Someni matoleo manne kalamu mkononi, kila shujaa apewe kurasa mbili. Andikeni uwezo wake na mpaka wa uwezo huo: anaruka, lakini je, aliwahi kuruka akiwa amebeba mtu? Andikeni asichowahi kufanya. Andikeni anavyosema: anaamkia wakubwa au hajali, anatupia Kidigo akikasirika, anamwita nani "mzee". Andikeni mavazi mbele na nyuma, urefu wake akisimama na wenzake, kovu liko shavu gani. Hapa kwenye kovu ndipo wapya wengi wanapoanguka. Mchoraji anaigeuza picha kwenye simu ili aone kama sura imekaa sawa, anasahau kuirudisha, na kovu linahamia upande wa pili. Mtoto wa darasa la tano ataliona kabla yenu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa madeni: kila swali aliloliacha kaka bila jibu, na namba ya toleo na ukurasa wake. Mnaweza kukuta kumi na tano. Lipeni mawili kwenye toleo lenu la kwanza, tena yale ambayo msomaji anayakumbuka. Mengine yangoje.

Sasa kuhusu kuua. Mfano mzuri upo kwenye hao hao X-Men. Kitabu kilikuwa kimekwama, kuanzia 1970 kilikuwa kinarudia stori za zamani tu. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakatoa toleo nene lenye kundi jipya, akiwemo Storm, ambaye Profesa Xavier, mwalimu wa kundi, anamkuta Kenya. Ghafla kukawa na mashujaa kumi na watatu ndani ya kitabu kimoja. Claremont alipokabidhiwa kuanzia namba 94, idadi ilipunguzwa haraka: wanafunzi wa zamani wakaondoka, Sunfire naye akaondoka, na namba 95 Thunderbird akafa. Aliyekufa alikuwa mgeni, aliyeletwa na kundi jipya lenyewe. Wa zamani walifungashiwa virago wakiwa hai, na mmoja, Cyclops, akabakishwa ili msomaji wa zamani awe na mtu anayemfahamu ndani ya nyumba.

Fanyeni hivyo. Saba ni wengi kwa kurasa 20. Bakizeni wanne, wawili au watatu wapelekeni safari: mmoja Pemba, mmoja Horohoro mpakani, waweze kurudi. Ukimuua aliyebuniwa na mwingine kabla msomaji hajakuzoea, anaona umevunja cha mwenzio. Kama lazima mtu afe, buni wako, mpe matoleo mawili apendwe, ndipo umuue.

Toleo lenu la kwanza lipangwe hivi. Ukurasa wa 1 hadi wa 3, mkasa uwe umeshaanza. Kufikia ukurasa wa 8 kila shujaa aliyebaki awe ametajwa jina na kutumia uwezo wake mara moja, hata kwa jambo dogo. Katikati lipeni deni la kwanza. Ukurasa wa 20 uishie kwenye swali jipya.

Mwandishi aandike kila fremu, yaani kila kisanduku cha picha, na kila neno kabla penseli haijagusa karatasi, angalau kwa matoleo matatu ya mwanzo. Stan Lee, mwandishi wa Marvel, miaka ya 1960 alikuwa anampa mchoraji muhtasari tu, maneno yanakuja baada ya picha, lakini mchoraji alikuwa gwiji Jack Kirby. Ninyi bado hamjajuana mikono.

Na msitangaze toleo la kila mwezi. Mchoraji mmoja akimaliza ukurasa mmoja kwa siku, penseli na wino, hizo ni siku 20 bila Ijumaa, bila msiba, bila umeme kukatika. Ongeza maneno, masahihisho na kuchapa. X-Men wa 1975 wenyewe walikuwa wanatoka kila baada ya miezi miwili. Kamilisheni matoleo mawili yakae kabatini, ndipo mtangaze la kwanza.

Mimi ndiye mchoraji mpya wa kundi letu. Wasomaji wanasema shujaa wangu "siyo yule". Niige mkono wa aliyenitangulia? (Chumbageni)

Mkono usiige. Ukiuiga utachora polepole na bado watajua. Iga umbo. Chora kila shujaa akiwa amesimama, mjaze weusi mtupu usione macho wala nguo, mpe mtu aliyesoma matoleo ya nyuma awataje. Anayeshindwa kutajwa ndiye wa kurekebisha: nywele, mabega, namna anavyosimama, kitu anachoshika. Ndumilakuwili na Lodilofa wa jarida la katuni la Sani walipita mikono zaidi ya mmoja baada ya Philip Ndunguru kufariki, na msomaji aliwatambua kabla hajasoma neno.

Mavazi yaache kwanza. Mchoraji John Byrne alipompokea Cockrum kwenye X-Men namba 108, mwaka 1977, alirithi na nguo za watu. Wolverine alimvalisha ile ya kahawia namba 139, mwaka 1980. Zaidi ya matoleo thelathini yalipita.

Kuhusu kundi zima kwenye fremu moja: wasizidi watatu wanaosema, na anayesema kwanza akae kushoto. Ukimweka kulia, vishikio vya viputo vya maneno vitapishana, na msomaji ataanza na jibu kabla ya swali. Chora viputo kwa penseli kabla ya watu, usije ukagundua mwishoni kwamba maneno yanakaa kwenye paji la uso la mtu. Acha theluthi ya juu ya fremu wazi. Maneno yetu ni marefu, "wameshatuzunguka" peke yake linajaza mstari, na ukilikata katikati linasomeka vibaya. Kiputo kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, kisizidi maneno 20, na fremu nzima isizidi 35.

Tulitoa nakala 50 steshenari. Nusu ya kurasa zimetoka kichwa chini, maneno ya pembeni yamekatika, weusi umekuwa kijivu, na pini hazifiki katikati. (Msomaji, Mikanjuni)

Tuchukue moja moja, maana kila kosa lina chanzo chake.

Kichwa chini: karatasi imegeuzwa kwa ukingo mrefu. Kijitabu cha A5 ni A4 iliyolala na kukunjwa, kwa hiyo mwambie anayeprinti achague kugeuza kwa ukingo mfupi. Kurasa 20 za ndani ni karatasi tano. Karatasi ya kwanza ina ukurasa wa 20 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake wa 2 kushoto na wa 19 kulia. Ya pili ina wa 18 na wa 3, nyuma wa 4 na wa 17. Endelea hivyo hadi karatasi ya katikati, yenye wa 12 na wa 9, nyuma wa 10 na wa 11. Namba mbili za upande mmoja zikijumlishwa lazima zitoe 21. Zisipotoa, simamisha mashine. Hesabu ya kurasa nayo lazima igawanyike kwa 4. Ukiwa na 22, ama kata mbili ama ongeza mbili, vinginevyo utalipia kurasa tupu.

Maneno kukatika: mashine nyingi za steshenari haziprinti hadi ukingoni, zinaacha karibu milimita 5. Ukichora kwenye A4 ili ipunguzwe iwe A5, kila kitu kinabaki asilimia 71. Acha sentimita 1.5 pande zote na 2 upande wa mkunjo. Herufi ziwe na urefu wa milimita 3 kwenye karatasi ya asili, zitatoka kama 2, na chini ya hapo abiria wa daladala hatazisoma. Kalamu ya 0.1 weka pembeni, mstari wake utapotea kwenye kopi. Tumia 0.3 kwenda juu.

Weusi wa kijivu: mlipiga picha kurasa kwa simu. Simu inaleta kivuli na kupinda kingo. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), chagua nyeusi na nyeupe tupu, siyo kijivu, kisha hakikisha mashine haiko kwenye hali ya kubana tona.

Pini: stepla ya kawaida haifiki, kwa sababu mkunjo uko sentimita 14.8 kutoka ukingoni. Kama hakuna stepla ndefu, ifungue stepla iwe mdomo wazi, laza kitabu juu ya ndala kuukuu, jalada likitazama juu, piga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, kisha geuza ukunje miguu ya pini kwa kijiko. Pini za 24/6 zinatosha karatasi tano na jalada la manila. Kurasa za katikati zitachomoza kidogo, mwombe mwenye steshenari akate ukingo milimita 2 kwa mashine yake ya kukatia.

Mwezi wa tatu hadi wa tano, masika, karatasi inanyonya unyevu wa bahari. Rimu iliyofunguliwa inajikunja na kukwama kwenye mashine, na wino wa kalamu unatanda kwenye karatasi ya gramu 80. Chora kwenye karatasi nzito, rimu ifungie kwenye mfuko wa nailoni, na uprinti asubuhi hiyo hiyo unayoifungua. Toa nakala moja kwanza, ikunje, isome yote, ndipo uruhusu 49 zilizobaki.

Swali fupi: tukipokea katuni ya mwenzetu, jalada tuandike namba 1 au namba 5? (Raskazone)

Namba 5. Namba 1 inamsaidia anayeuza kwa maduka yanayoagiza mapema. Ninyi mnauza mkono kwa mkono, kwa watu wenye namba 1 hadi 4 nyumbani, na mtoto anayepanga matoleo yake hatafurahi kuwa na namba 1 mbili. Juu ya jalada andikeni "Stori mpya inaanza hapa", nyuma ya jalada wekeni muhtasari wa matoleo manne usiozidi mistari kumi, na mbebe nakala chache za namba 4 mnapokwenda kuuza. Atakayependa ya tano ataulizia iliyotangulia hapo hapo.